Mzimu wa Mashine ya Kumi na Nane

Kila siku nikitoka shule saa tano na nusu nilipita nyumbani, nikavua sare, nikakimbia hadi geti la viwanda mjini kwetu Choloma, ambako Mama alikuwa na mkokoteni wake wa baleada. Yeye alikaanga chapati, mimi nilipaka maharage, nikanyunyiza jibini, nikakunja. Nikipaka maharage mengi, Mama alinigonga vidole kwa mwiko. Nikipaka machache, wateja walinisema.

"Nohelia, haya maharage umeipaka chapati au umeionyesha tu?"

"Leo yamefunga, shangazi. Si unajua ni Kwaresima?"

Saa sita kamili honi ililia na wanawake wa Banda Namba Tatu wakamwagika nje, nyuzi zimewaganda kwenye nywele na kwenye nyusi. Walikuwa wanashona fulana. Walikuwa na nusu saa tu, kwa hiyo walikula wamesimama, wameegemea ukuta wa banda lao, kwenye kivuli chembamba kama mkanda wa suruali.

Niliwajua kwa chakula chao. Huyu hataki jibini, yule anataka parachichi, yule anakula nusu na nusu anampelekea mwanawe. Lakini nikishamjua mtu tu, anatoweka. Leo yupo, kesho nimeshika parachichi mkononi namngoja, haji. Mahali pake anakuja mwingine, nywele safi, bado hazina nyuzi. Hakuna aliyeaga. Wakati mwingine nilijikuta naitikia jina la mtu aliyeondoka zamani, kwa sababu mgeni amekohoa kama yeye.

"Wanakwenda wapi?" nilimwuliza Mzee Tulio, mlinzi wa geti.

"Wengine kiwanda cha jirani wamewaongezea kidogo. Wengine wanaumwa. Wengine wanaolewa. Wengine Kaskazini." Alipotaja Kaskazini alimtazama Mama, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Baba yetu alikwenda huko Kaskazini, ng'ambo ya mipaka, kutafuta kazi miaka miwili iliyopita. Alipiga simu kutoka Mexico, akasema, "Kesho nitawapigia tena." Kesho hiyo haijafika. Kwetu mtu akifa, ndugu husali siku tisa na kumwekea glasi ya maji, maana roho iko safarini na itasikia kiu. Mama hakumwekea Baba glasi. Lakini kila Jumapili aliweka mezani sahani moja ya ziada, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni ya nani.

Dada yangu Marleni alikuwa na miaka kumi na tisa. Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alisimama kwenye foleni ya ajira pale getini, nami nilimsindikiza kabla ya shule. Mzee Tulio alitoka na karatasi, akavaa miwani, akasoma mashine zilizoachwa wiki ile. "Mashine ya sita, kuunga mabega. Mashine ya thelathini, pindo." Watu mia, viti viwili. Waliobaki walirudi nyumbani bila kutazamana.

Jumapili moja, baada ya Jumatatu ya tano, Marleni aliweka kijiko chini wakati tunakula.

"Nisipopata kazi mwezi huu, naondoka na kina Wilmer wa hapa jirani."

"Kwenda wapi?" Mama akauliza.

"Unajua wapi, Mama."

Mama alitazama ile sahani ya ziada. Niliona tayari sahani mbili.

Kesho yake nilimbana Mzee Tulio. "Kwa nini wasiongeze viti?"

"Viti ni vile vile, mtoto. Nafasi haipatikani mpaka mtu ainuke."

Nilikwenda nayo nyumbani kauli ile. Mpaka mtu ainuke. Basi ilikuwa lazima mtu ainuke.

Siku zile wanawake walikuwa wanalalamikia mashine ya kumi na nane. Ilikuwa ndani ya banda, upande wa pili wa ukuta ule ule waliouegemea. Aliyekuwa akiitumia alikuwa dada mmoja mrefu anaitwa Iris, mteja wangu wa parachichi, kisha na yeye akatoweka. Sasa ilikuwa ya Belkis, mama mwenye mtoto mchanga.

"Kuna kitu kinanipuliza shingoni," Belkis akasema, chapati mkononi.

"Kitu au bwana?" wenzake wakacheka.

"Nyie chekeni. Baridi, halafu kichwa kinataka kupasuka. Jana niliona sindano mbili."

"Sindano mbili, mshahara mmoja! Pole, mama!"

Mama yangu alikuwa amekwenda kununua unga. Nilikuwa peke yangu na maharage, na mdomo wangu ukatangulia kabla ya kichwa.

"Labda ni Iris," nikasema.

"Iris yupi?"

"Iris wa kumi na nane. Kwani hamjasikia? Amekufa. Wamemzika Ijumaa."

Mmoja akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye jibini.

"Nani kakwambia?"

"Mama yake. Ameniomba nimwekee maji hapa, karibu na kiti chake. Anasema roho yake haijamaliza kushona."

Hilo la kushona sijui lilitoka wapi. Nililisikia likitoka na nikalipenda.

Kesho yake nilileta glasi ya maji na ua jeupe, nikaviweka juu ya tofali chini ya ukuta, mahali bomba moja lenye kutu lilipochomoza nje kama mdomo. Wanawake walipokuja kula walipakwepa mahali pale, wakaenda kusimama juani. Walipogeuka kumlipa Mama, nilijikunja kama nafunga kamba ya kiatu, nikanywa nusu. Yalikuwa ya moto na yana vumbi.

"Bikira Maria! Amekunywa!"

"Glasi ya nani ile?" Mama akaniuliza.

"Ya wafanyakazi wenyewe," nikasema. Uongo wa pili hauna uzito kama wa kwanza. Unateleza tu.

Siku tatu nilifanya hivyo. Siku ya nne honi ya kurudi kazini ililia, wote wakaingia, isipokuwa Belkis. Alisimama katikati ya njia, akatazama banda, akatazama glasi, kisha akavua aproni, akaikunja vizuri, akampa Mzee Tulio kupitia nondo za geti. "Mimi nina mtoto mdogo," alisema. "Siwezi." Msichana mwingine akawekwa kwenye kiti chake. Hakumaliza siku mbili.

Jumatatu Mzee Tulio akavaa miwani. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu.

"Mashine ya kumi na nane. Kushona kola."

Foleni nzima ilirudi nyuma nusu hatua. Habari zilikuwa zimefika hadi kituo cha basi. Mtu mmoja tu hakuwa nazo, kwa sababu wiki nzima alikuwa ndani anafulia watu nguo.

"Mimi!" Marleni akapaza sauti. "Mimi najua kola!"

Nilitaka niwatishe mpaka banda zima liachie viti, Marleni achague anachotaka. Wameachia kimoja tu, na ni kile. Nilimshika mkono. Akadhani nampongeza, akanibusu kichwani, akaingia.

Wiki ya kwanza ilikuwa sikukuu. Marleni alirudi na nyuzi za bluu kwenye nywele na Mama akamkataza kuzitoa, akasema zinampendeza. Kina Wilmer hawakutajwa. Niliacha kunywa yale maji. Nilijiambia glasi ikikaa siku mbili tatu imejaa, wanawake watasema roho imeshiba, imekwenda zake, na mambo yataisha.

Jumanne niliijaza hadi juu. Mchana ilikuwa imepungua vidole viwili.

Nilidhani ni jua. Jumatano nikaifunika kwa ua, nikaketi mbali. Mteja akaniita, nikageuka, nikarudi. Ua lilikuwa chini. Maji yamepungua tena, na pembeni mwa glasi kulikuwa na doa la udongo.

Safari hii si mimi niliyekunywa. Nilisimama pale kwenye jua la saa sita. Nilijaribu kukumbuka kama kweli nilikuwa nimemwona mama yake Iris. Ukisema jambo mara nyingi mno, unaanza kuwa na kumbukumbu zake. Niliwaza, je, kama nilimwita mtu, na akaja?

Wiki ya pili Marleni aliacha kula. Alirudi nyumbani uso umekuwa rangi ya unga, akajilaza na kitambaa machoni.

"Kuna mtu nyuma yangu," alimwambia Mama. "Ananipuliza hapa. Ananukia tamu, kama matunda yaliyoiva mno. Nikigeuka ni ubao tu. Mama, leo fulana ilikuwa na kola mbili, nikashona ile isiyokuwepo." Alituonyesha kidole. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha.

Mama alimpaka maji ya baraka shingoni. Mimi nilikaa kitandani kwangu. Mama alipotoka kwenda kuchota maji, nilisogea.

"Marleni. Hakuna mzimu. Ni mimi. Nilitunga."

Aliondoa kitambaa, akanitazama.

"Nilisema Iris kafa ili mtu aondoke, wewe upate. Yale maji nilikuwa nakunywa mimi."

Nilitegemea anipige. Akacheka, lakini kicheko kile sikukipenda.

"Nohe, Iris ulimtunga. Na shingo yangu, umeitunga pia? Na kichwa hiki?" Akajifunika tena. "Unanidanganya ili nibaki. Asante, lakini Jumamosi naondoka na kina Wilmer. Angalau huko nitakachokiogopa nitakiona kwa macho."

Ndivyo ilivyokuwa. Uongo aliuamini, ukweli akauona uongo. Na zilikuwa zimebaki siku tatu.

Asubuhi yake, Alhamisi, nilimwendea Mzee Tulio kabla ya shule.

"Mzee, Iris alikuwa anakaa wapi?"

"Ng'ambo ya reli, nyumba ya kijani yenye mti wa ndimu." Akashusha miwani. "Si umesema kafa?"

"Ndiyo maana nataka kuhakikisha."

"Enhe. Ukimkuta amekufa, msalimie." Akatikisa kichwa. "Kumi na nane, kumi na nane. Tangu Januari nimeiita mara saba hapa getini. Kiti kile kinatema watu."

Siku hiyo sikwenda shule. Nilivuka reli. Nyumba ya kijani niliiona mapema, nikapita mbele yake mara tatu. Mlango ulikuwa wazi na ndani ni giza. Niliogopa kumkuta mama mtu amevaa nyeusi. Niliogopa zaidi kwamba angenitambua.

"Wewe mtoto, unatafuta mtu au unapima barabara?"

Alitoka amevaa roli za nywele, sahani ya maharage mkononi. Iris mzima, mrefu vile vile. Nilianza kulia palepale.

"Kha! Nini tena? Wewe si yule wa baleada?"

"Umekufa," nikamwambia.

"Mimi?"

"Ndiyo. Nimekuua mimi. Kule kiwandani. Wamekusalia na kila kitu."

Iris aliweka sahani chini. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye ile ya roho haijamaliza kushona, alijizuia akashindwa, akacheka hadi roli mbili zikaanguka.

"Wee! Nimalize kushona nikiwa hai, na nikifa bado nina kazi? Na nani alinizika, wewe na maharage yako?" Kisha nikamwambia kuhusu Marleni, shingo, harufu tamu, kola mbili. Akaacha kucheka.

"Huo siyo mzimu. Hiyo ni dawa," akasema. "Nyuma ya kumi na nane kuna ubao, nyuma ya ubao kuna meza ya kutoa madoa. Wale wasichana wanapuliza dawa kwenye fulana kutwa nzima. Zamani kulikuwa na bomba linavuta ile hewa linaitoa nje, lilinguruma kama ng'ombe. Likafa mwezi wa kwanza. Basi wale wasichana, na wao wanataka kuishi, wakaweka feni ya kusukuma harufu mbali nao. Inapita kwenye mwanya wa ubao. Shingo iliyo mbele ya mwanya ni ya kumi na nane."

"Hukusema?"

"Nilisema. Nikaambiwa mimi mvivu. Nikaacha, siku nne tu kichwa kikapona. Sasa nauza viatu mjini, na miguu ya watu inanuka, lakini haiui."

"Na aliyekuja baada yako, hukumwambia?"

Iris akaokota roli zake taratibu. "Mimi niliondoka Ijumaa, yeye akaingia Jumatatu. Ningemwambia lini? Hata simjui jina."

Alikubali kuja kesho yake, siku yake ya mapumziko. Mimi nilirudi kwa Mama mchana nikiwa kama mlevi, nikaketi karibu na glasi yangu. Banda lilikuwa kimya. Ndipo zanate mmoja, ndege mweusi mwenye mkia mrefu, akatua kwenye tofali. Alinitazama kwa jicho lake la njano, akasukuma ua kwa mguu wenye udongo, akanywa mara tatu, kisha akaruka na kuingia kwenye lile bomba lenye kutu. Ndani nikasikia vifaranga.

Bomba linalonguruma kama ng'ombe halikaliwi na ndege. Nilikuwa nimeketi chini yake wiki tatu.

Ijumaa saa sita honi ililia. Wanawake walikuwa wameshaanza kula Iris alipotokea kwenye kona, gauni jeupe, jua nyuma yake. Hapakuwa na haja ya kuvaa jeupe, lakini Iris alipenda mzaha.

Mwanamke mmoja akapiga yowe, chapati ikaruka, wawili wakakimbilia getini na mmoja akapiga magoti juu ya maharage. Mzee Tulio akavua kofia.

"Jamani, nimefufuka," Iris akasema. "Nipeni baleada yenye parachichi, kaburini hawapiki."

"Usimguse!" mtu akapiga kelele. Lakini Marleni alikuwa ameshatoka kwenye kundi. Alitembea kama mtu anayepita kwenye matope, akanyoosha mkono, akamshika Iris kwenye kiwiko.

"Una joto," akasema.

"Ulitaka niwe nini, barafu?"

Nilipanda juu ya kreti la soda. Niliwaambia wote, kwa sauti. Kwamba Iris hakufa, kwamba sijawahi kumwona mama yake, kwamba maji nilikunywa mimi halafu ndege, na kwamba kinachopuliza shingo ni dawa, kwa sababu bomba la kuvuta hewa limekufa. Sikumtazama Mama. Nilisikia tu mafuta yake yakiungua kwenye kikaango, na Mama hakuwahi kuunguza mafuta.

Katika kundi alikuwepo Bi Lastenia, msimamizi wa safu ile ya mashine, mwanamke ambaye wenzake walinyamaza akikohoa. Alisubiri nimalize. "Na bomba?" akauliza. Nikaonyesha kidole juu.

Mzee Tulio alileta ngazi. Alitoa kiota kizima, kikubwa kama kofia ya sombrero, vifaranga wanne midomo wazi, akakiweka juu ya nguzo ya uzio huku mama yao akimdonoa kofia. Nyuma ya kiota feni ya kuvuta hewa ilikuwa imekufa, imejaa nyasi na kinyesi.

"Nilikwambia, Bi Lastenia," Iris akasema. Hakupaza sauti.

Bi Lastenia aliokota unyasi ulioanguka kutoka kwenye bomba.

"Uliniambia. Nikadhani unatafuta ruhusa ya kulala. Akaja mwingine akaniambia, nikamdhania hivyo hivyo. Watu saba wameniambia jambo moja, mmoja mmoja, na kila mmoja nilimwona ndiye wa kwanza." Akawageukia wanawake. "Honi ikilia, hakuna mtu kukaa kumi na nane wala kwenye meza ya madoa. Mimi nakwenda ofisini."

"Wakikataa je?"

"Wakikataa, watamfundisha kola mtu wa nane, na wa tisa. Nitawauliza kipi kinawachosha zaidi, kufundisha watu au kununua feni."

Hawakukataa. Jumamosi mchana fundi alikuwa kwenye ngazi, na jioni lile bomba likanguruma, likatema vumbi la miezi barabarani. Nesi wa zahanati alimpima Marleni, akamwandikia siku tano za kupumzika, kisha arudi kwenye kiti chake. Kina Wilmer waliondoka asubuhi ile ile kutoka kituo cha mafuta. Nilikaa kizingitini tangu alfajiri, mgongo kwenye mlango. Marleni alipoamka saa tatu akanikuta.

"Unalinda nini?"

"Wewe."

"Toka, nataka kwenda chooni."

Lakini Mama nilikuwa sijamalizana naye. Ile Ijumaa, wakati wa kufunga mkokoteni, alikuwa ameiokota glasi, akaisuuza mara tatu, akaishika mbele ya jua.

"Unajua kwa nini sijamwekea baba yako?"

"Kwa sababu hatujui."

"Kwa sababu siku nitakayoiweka nitakuwa nimelisema neno lile. Miaka miwili naogopa kulisema. Wewe umelisema kwa mchezo, juu ya mtoto wa mwanamke mwenzangu." Hakunipiga. Afadhali angenipiga. "Na yule Belkis yuko wapi?"

Sikuwa nimefikiria kuhusu Belkis. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilimfikiria mzimu usiokuwepo, na mtu aliyekuwepo nikamsahau.

Alikuwa kwenye foleni. Jumatatu saa kumi na mbili Mama alinipeleka kwa mkono, akanisimamisha mbele yake. Belkis alikuwa amembeba mwanawe, mtoto mnene mwenye mashavu kama maandazi.

"Kwa hiyo nilikuwa nakukimbia wewe?" alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, dada."

"Kitoto hiki?"

"Ndiyo."

"Wiki tatu nimekula kwa mama mkwe kwa ajili ya kitoto hiki. Unamjua mama mkwe wangu? Heri mzimu." Watu wa karibu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nitasimama na wewe kila Jumatatu mpaka uitwe," nikasema. Mama alikuwa ameniambia niseme hivyo, lakini nilipolisema lilikuwa langu.

"Simama basi. Na huyu mbebe. Tena ukae macho, anang'ata."

Nilimbeba Jumatatu ile, na iliyofuata. Mikono ilikufa ganzi. Foleni nzima walinijua. "Angalieni, mzimu umepata mtoto!" "Mzimu, hebu tutishie hao walio mbele watupishe!" Niliona aibu hadi masikioni, lakini kutoka kule ndani ya foleni niliona pia kitu ambacho sikukiona nilipokuwa namsindikiza tu Marleni. Kila mmoja pale alikuwa ameacha mtu nyumbani aliyekuwa anasubiri jibu.

Jumatatu ya tatu Bi Lastenia alitoka mwenyewe na karatasi.

"Mashine ya tisa, kola. Namtaka mtu anayeijua kazi. Belkis, unaijua, njoo. Na ninyi wengine msikie, maana mtaingia siku moja. Siku hizi anayeondoka ananiambia sababu kabla hajavua aproni, na anayeingia naye ninamwambia. Tumechoka kuanza upya kila Jumatatu."

Belkis alimchukua mwanawe mikononi mwangu, akampa mama mkwe aliyekuwa ng'ambo ya barabara amenuna, akaingia. Hakuniaga, lakini kabla ya geti kufungwa aligeuka, akanitishia kwa kidole, na mdomo wake ukawa karibu kutabasamu.

Bi Lastenia akaniita nisogee.

"Nohelia, wewe ulisikia kabla yetu sote kwamba kuna shingo inapulizwa. Ulikuwa na jambo la kweli mkononi. Ungeliuliza tu lilivyo, dada yako asingeumwa na Belkis asingekimbia. Ukaliongezea mzimu, na watu wakishaogopa mzimu hawatafuti bomba. Ulitaka kiti cha dada yako, sawa, hata mimi niliwahi kusimama hapa. Lakini kiti unachokipata kwa kumtisha mwenzako, kuna mtu umemsimamisha nje. Siku nyingine ukijua jambo, liseme kama lilivyo. Usiongeze chochote."

"Ndiyo, Bi Lastenia."

"Haya, shule. Umechelewa."

Nilichelewa kweli. Mwalimu alikuwa ameshaandika hesabu ubaoni. Akaniuliza mbele ya darasa zima nilikuwa wapi, na kwa nini blauzi yangu ina mate ya mtoto begani.

Nikamwambia yote kama yalivyo, bila kuongeza chochote. Ilichukua kipindi kizima cha hesabu.